Mtoto ameanza kidato cha kwanza na amekuwa mkimya: ni tabia zipi za kumjengea?

Mama wa Makorora:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 13 ameanza kidato cha kwanza Januari hii katika sekondari ya kutwa hapa Tanga. Alipokuwa darasa la saba maswali yake yalikuwa hayaishi, na jioni hakosekani uwanjani. Sasa akirudi huvua sare, akala kimya, akalala. Baba yake anasema amelegea na dawa yake ni nidhamu kali, ilhali mimi naona heshima na utii anavyo tele, na kilichopungua ni kitu ambacho sina jina lake. Ni sifa gani za tabia zinazompa mtoto wa umri huu utulivu wa moyo?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni:
Wa aleikum salaam, mama. Nianze na lugha kabla ya tabia. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili miaka saba, kisha akifika sekondari anayakuta masomo hayohayo kwa Kiingereza. Aliyezoea kunyoosha mkono huogopa kuchekwa, na wengi niliowadhani wavivu nilikuja kugundua kuwa walikuwa bado wanatafsiri sentensi ya kwanza wakati mimi nimeshafika ya tano.

Sasa swali lako. Mwaka 2004 wanasaikolojia wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walichapisha mpangilio wa sifa njema 24 za tabia, zikiwa katika makundi 6. Tafiti za watu wazima na za vijana zimeonyesha mara kwa mara kuwa zinazoambatana zaidi na kuridhika na maisha ni matumaini, uchangamfu, shukrani na upendo, ilhali ustahimilivu na kujitawala huonekana zaidi katika matokeo ya masomo. Kwa hiyo baba yake naye ana hoja. Yeye anatibu daftari, wewe unauliza habari za moyo. Hata hivyo kuambatana si kusababisha, kwani huenda mtoto mwenye raha ndiye anayeona wepesi wa kushukuru, basi usimbandikie orodha ya sifa ukutani akaiona kama ratiba nyingine ya shule. Lipo zoezi lililopimwa kwa watu wazima mwaka 2005, la mtu kutambua sifa zake kuu na kuitumia mojawapo kwa namna mpya kila siku kwa wiki moja, nalo lilileta nafuu. Mwanao, kwa maelezo yako, sifa yake ni udadisi. Anzeni hapo.

Shangazi wa Pongwe:
Mwalimu amesema vyema, lakini nadhani amewasahau marafiki wa mtoto. Watoto waliokua pamoja wakimaliza darasa la saba hupangiwa shule mbalimbali, na huyu anaamka alfajiri, anakataliwa na makonda wawili watatu kwa sababu nauli yake ni ya mwanafunzi, kisha anaingia darasani asikomjua mtu. Mama, muulize kwanza anakaa na nani wakati wa mapumziko.

Mama wa Makorora:
Nimemuuliza, shangazi. Anakaa peke yake. Rafiki yake wa Barabara ya 12 amepangiwa shule nyingine, na mimi sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Baba yake amesoma majibu haya bila kusema neno, ila Jumamosi waliongozana Ngamiani kwa fundi baiskeli, wakamchukua na huyo rafiki, wakarudi magharibi mikono imejaa grisi, na kijana akatueleza kazi ya kila kipuli mpaka chai ikapoa. Mwalimu, zoezi lile la wiki moja nimwambie waziwazi, au nilipitishe kimyakimya?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni:
Mwambie, mama. Mtoto mdadisi wa miaka 13 utamficha nini?