Watoto wa buibui-mbwamwitu: chombo kimoja, vichupa, au kuwarudisha shambani?

Mkulima wa Moro
Wanajukwaa, salaam. Nimemkamata buibui-mbwamwitu jike pembezoni mwa shamba la mahindi akiburuta mfuko wake wa mayai, na sasa watoto wametoka na kumjaa mgongoni hata rangi yake haionekani. Wapo wanaoshauri kuwaacha wote katika chombo kimoja, wengine wanasema kila mtoto awe na kichupa chake, na wengine kwamba nibakize wachache na kuwarudisha waliosalia shambani. Ipi inamfaa mtu asiye na mahali pa kununulia wadudu, na mama atolewe lini?

Tochi ya Usiku
Ndugu Mkulima, kwa sasa usimguse. Watoto hao bado wanaishi kwa akiba ya kiini cha yai waliyotoka nayo, na wameshikilia nywele maalumu za mgongo wa mama yao kwa muda wa wiki moja hivi, pengine zaidi. Chakula hawahitaji, ila maji wanakunywa, kwa hiyo nyunyizia upande mmoja wa chombo matone madogo na uache upande wa pili mkavu. Ukiona wameanza kushuka wenyewe na kutapakaa kwenye kuta na kifuniko, wakiacha nyuzi nyembamba kila wapitapo, huo ndio wakati wa kumhamisha mama. Kumtoa yeye ni rahisi kuliko kuwaokota watoto.

Babu Nyenje
Mimi natetea chombo kimoja, mradi kiwe kipana na chenye majani makavu mengi ya kujifichia. Gharama ni ndogo, unyevu hautoweki upesi, na kazi ya kulisha ni ya mara moja. Watakulana, sikatai, lakini hata porini wengi hawafiki utu uzima.

Mama Vichupa
Babu, kwa heshima, hapo tunatofautiana. Porini watoto hutawanyika, wengine wakipeperushwa na upepo kwa uzi wao, ilhali ndani ya chombo aliyeshindwa hana pa kukimbilia, na anayejivua ngozi huwa laini asiweze kujitetea hata kidogo. Vichupa vya dawa vilivyooshwa vizuri vinatosha: weka udongo kidogo chini, kisha funika mdomo kwa kitambaa chepesi kilichobanwa kwa mpira, kwa kuwa tundu la msumari mtoto wa namna hii hulipita bila shida. Bakuli la maji usiweke, atazama. Tone moja ukutani linamtosha.

Tochi ya Usiku
Mnabishana kuhusu vyombo, na mimi naona swali lenyewe ni chakula. Jike mmoja anaweza kubeba watoto zaidi ya mia, na kila mmoja anataka mdudu asiyemzidi ukubwa. Ndizi iliyoiva kupita kiasi ndani ya chupa itakuletea nzi wadogo wa matunda. Chupa ikikaa dakika chache kwenye jokofu nzi hulegea, ukaweza kuwagawa. Mchwa wafanyakazi pia wanafaa, lakini askari waondoe. Wadudu wa shamba lililopuliziwa dawa usiwatumie kabisa. Hesabu vichupa unavyoweza kuvilisha bila kuchoka, tenga watoto kwa idadi hiyo, na waliobaki warudishe jioni palepale ulipomkamata mama, ukiwatawanya kwenye nyasi.

Mama Vichupa
Naafiki, nikiongeza kwamba nzi aliye hai asiachwe ndani wakati mtoto anajivua ngozi, maana anaweza kumdhuru.

Mkulima wa Moro
Nashukuru. Basi nitatenga wachache. Na mama mwenyewe nimwachie pia?

Babu Nyenje
Ukipenda. Ila ukimbakiza, mlishe vizuri na usishangae akitengeneza mfuko mwingine bila dume kuwepo, kwani mbegu huzihifadhi mwilini. Andaa ndizi nyingine.