Dogo ana divisheni III ya 22 na anataka sheria: kidato cha tano au Lushoto?

Mlima Matogoro

Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne shule ya kata, Tunduru. Matokeo: Historia B, Kiswahili B, Uraia C, Kiingereza C, Jiografia C, Baiolojia D, Hisabati F. Jumla 22, divisheni III. Nyumbani ni wakulima wa korosho, na ukoo mzima hakuna aliyewahi kukanyaga darasa la sheria. Yeye anataka uwakili, hataki kusikia kitu kingine.

Naomba kujua:
1. Hiyo F ya hesabu inamzuia?
2. Aende kidato cha tano au chuo cha mahakama cha Lushoto moja kwa moja?
3. Gharama zinakaaje hadi awe wakili kamili?

Wenye kejeli za "mawakili wamejaa mtaani" naomba wapite kimyakimya.

---

Chaki na Dasta

Mkuu, F ya hesabu haimzuii. Sheria haiulizi hesabu, na kombi (michepuo ya masomo matatu) za lugha hazina hesabu kabisa kidato cha tano na sita.

Anazo C na zaidi kwenye masomo matano, na jumla yake haijapita 25, kwa hiyo sifa za kupangiwa kidato cha tano anazo. Hesabu pointi za kombi yenyewe (A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4), zisipite 10. HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) kwake ni 2+2+3, inakuja 7. HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) ni 2+3+3, yaani 8. Zote mbili ziko wazi.

Anayoweza kuangukia bila kujua ni HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili). Kwa karatasi inamfaa, na shule nyingi za kata humjazia mwanafunzi HGK kwa sababu Kiswahili ni "alama ya uhakika". Lakini haina Kiingereza, na chuoni kila kesi atakayopewa kusoma, kila swali la mtihani, ni Kiingereza. Vyuo vingine pia hutaja Kiingereza kwenye sifa zao za kuingia LLB (shahada ya sheria). Akipelekwa HGK si mwisho wa dunia, ila atakuwa amekaa miaka miwili bila kuinoa silaha anayoihitaji kuliko zote.

Kwa hiyo wiki hii fuatilieni Selform, mfumo wa mtandaoni wa machaguo ya kidato cha tano. TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili machaguo baada ya matokeo, na likifungwa limefungwa. Ingieni muone shule ilimjazia nini. Msikisie.

Kidato cha sita TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) inataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0 au zaidi. Huku A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. D mbili zinafika, C na E pia zinafika. S, alama iliyo chini ya E, haihesabiwi kama prinsipo, na General Studies haiingii humo hata apate A. Hiyo 4.0 ni mlango tu, maana sheria ina waombaji wengi na vyuo vikubwa hukata juu zaidi ya hapo. Alenge C tatu kwenda juu.

---

Wakili Msomi wa Kijiweni

Namuunga mkono Chaki. Niongezee ya Lushoto, kwa sababu watu wengi wana picha ya zamani.

Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto ni kizuri. Cheti ni mwaka mmoja, diploma miaka miwili mbele yake. Kwa D nne tu za kidato cha nne, bila kuhesabu somo la dini, anaingia cheti. Akimaliza diploma kwa GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba LLB. Lakini hesabu muda: miaka mitatu Lushoto dhidi ya miwili ya kidato cha tano na sita, kisha wote wawili wanaanza LLB mwaka wa kwanza.

Zamani diploma ya Lushoto ilikuwa inatoa mahakimu wa mahakama za mwanzo. Siku hizi matangazo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama yanataka shahada, na juu yake Law School (mafunzo ya uanasheria kwa vitendo). Kwa hiyo asiende Lushoto akidhani ni njia ya mkato ya uhakimu.

Halafu pesa. Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Cheti na diploma unalipa mwenyewe, na mikopo ya ngazi ya diploma imeelekezwa kwenye fani kama afya, usafirishaji, nishati na madini, na kilimo. Sheria haimo. Kwa familia ya mkulima mimi sioni hata cha kujadili: kidato cha tano. Lushoto ibaki kuwa mpango wa pili matokeo ya kidato cha sita yakigoma.

---

Bibi Sura ya 16

Wote mmeongelea mlango. Mimi nimwambie kinachowaangusha watu wakishaingia, kwa sababu ana muda wa kujiandaa kuanzia sasa.

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza husoma kesi kama wanasoma hadithi. Wanakumbuka nani aligombana na nani, lakini hawawezi kukuambia mahakama iliamua nini na kwa sababu gani. Ujuzi huo unajengwa kwa mkono, na dogo anaweza kuanza hata akiwa likizo, kwa simu ya bando la mia tano. Tovuti ya TanzLII ina hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani bure kabisa.

Aanze na kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Ni fupi, na mgogoro wake hata bibi wa kijijini anauelewa. Achukue karatasi moja, aigawe hivi:

Mambo yaliyotokea. Mwanamke wa Kihaya, Muleba, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mistari minne, basi. Wengi hujaza ukurasa mzima hapa na nafasi ya sehemu zinazofuata inakwisha.

Njia iliyopita. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi mdai, mahakama ya wilaya ikabatilisha, mdai akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya. Usipoandika sehemu hii utachanganya maneno ya hakimu aliyepinduliwa na sheria iliyosimama.

Swali. Hapa ndipo penye kazi. Ukiandika "Je, Holaria alikuwa na haki ya kuuza shamba?" umeuliza swali la baraza la ukoo. Swali la kisheria ni: kanuni ya mila inayomruhusu mwanamume kuuza ardhi ya ukoo na kumkataza mwanamke inaweza kusimama mbele ya ibara ya Katiba inayokataza ubaguzi?

Uamuzi na sababu yake. Haisimami. Ibara ya 13(4) inakataza ubaguzi, na mila inayopingana na Katiba inabidi isomwe upya ili iendane nayo. Wanawake na wanaume wana haki sawa katika kuuza. Lakini sikiliza, mahakama haikufuta kila kitu cha mila: mdai aliachiwa nafasi ya kulikomboa shamba ndani ya miezi sita kwa kurudisha zile 300,000. Mwanafunzi anayeikumbuka sehemu hii ya mwisho ndiye aliyesoma hukumu. Aliyesoma muhtasari wa mwenzake hataijua.

Akifanya kesi moja kwa wiki, kwa Kiingereza, mwaka wa kwanza chuoni hautamtisha.

---

Tumbaku ya Songea

Bibi, mbona lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu 2021? Kwa nini dogo ateseke na Kiingereza?

---

Bibi Sura ya 16

Ni kweli, marekebisho ya 2021 yaliigusa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na lugha ya sheria na mahakama ikawa Kiswahili, isipokuwa pale maslahi ya haki yanapohitaji Kiingereza. Mahakama za mwanzo zilikuwa Kiswahili hata kabla ya hapo. Lakini hukumu za miaka sitini nyuma hazikutafsiriwa usiku mmoja, na wahadhiri wanafundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo anahitaji zote mbili. Kiswahili cha kisheria nacho si cha kuzaliwa nacho: mdai si mlalamikaji, dhamana si rehani, shauri la madai halina "mtuhumiwa".

---

Stempu na Muhuri

Naja kwenye gharama, swali la tatu ambalo limeguswa juujuu tu.

LLB ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Bila mkopo familia ya korosho itachoka njiani, hivyo kazi ya Bodi ya Mikopo ianze akiwa kidato cha sita, asisubiri dirisha lifunguliwe. Kinachowakwamisha watu ni makaratasi:

Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kwanza, ndipo unapata namba ya kuingiza kwenye mfumo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kinapita njia hiyohiyo. Uhakiki huo ndio unaokula siku. Kama kaya iko TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini), namba ya kaya itafutwe mapema, maana inasaidia kupima uhitaji.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Zainabu, cha kidato cha nne kinasema Zaynab, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu katikati. Hapo ndipo watu hulia. Angalieni leo, kwa sababu kurekebisha jina NECTA au NIDA hakufanyiki ndani ya wiki.

Fomu ikishachapishwa inataka sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Ukurasa mmoja ukikosa sahihi, ombi halijakamilika. Ada ya kuomba ni 30,000 na hairudi.

Na mjiandae kisaikolojia kwamba sheria haiko kwenye kundi la kwanza la vipaumbele vya mkopo kama afya na ualimu wa sayansi. Anaweza kupata asilimia pungufu, kwa hiyo tengeni sehemu ya mauzo ya korosho kila msimu. Bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) likichelewa mwezi mmoja, mwanafunzi asiye na akiba hafungui kitabu.

Baada ya LLB inakuja Law School, mwaka mmoja Dar es Salaam: ada yake, pango, nauli. Someni mwongozo wa Bodi wa mwaka huo mjue una nini kwa ngazi hiyo. Familia nyingi hupiga bajeti ya shahada tu na kushtuka hapa.

---

Wakili Msomi wa Kijiweni

Hapo kwenye Law School nisipite haraka. Kwa Kiswahili ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ilianzishwa kwa sheria ya 2007, na bila cheti chake hauapishwi uwakili. Oktoba 2022 matokeo ya kundi moja yalitikisa nchi: waliofanya 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu (mitihani ya kurudia) 342, waliodisko (walioondolewa) 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Watu walibishana sana nani alaumiwe. Mimi naona kitu kimoja: pale unapimwa kuandika nyaraka, na chuo kikuu kinakupima kueleza nadharia. Chukua kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapwa, cha kuunga mkono maombi. Mwanafunzi anaandika, "Kwamba, mjibu maombi amevunja sheria na hastahili haki yoyote." Hiyo ni hoja, na kiapo ni mahali pa mambo yaliyotokea. Kesi ya Matovu ya Uganda, 1966, inanukuliwa hadi leo kwa kosa hilohilo. Aya inayofuata: "Kwamba, aliingia shambani usiku." Je, uliona kwa macho yako? Kama uliambiwa, mtaje aliyekuambia, na kwenye uthibitisho utenganishe aya unazozijua mwenyewe na ulizoambiwa. Mwisho wa hati, sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8 kinataka iandikwe mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Ukisahau mahali, kiapo kinaweza kutupwa, na maombi yanakwenda nacho.

Dogo hahitaji kujua haya leo. Ila akianza sasa kuandika tukio moja kila siku kwa aya zenye namba, kila aya jambo moja, nani, wapi, lini, bila "alinionea" wala "kwa ukatili", atakuwa mbele ya wengi.

---

Mlima Matogoro

Nashukuru sana wakuu. Nimeingia Selform, kweli shule ilimjazia HGK chaguo la kwanza. Tumeweka HKL, ya pili HGL. Swali la mwisho: anaruhusiwa kwenda kukaa mahakama ya mwanzo hapa mjini kusikiliza kesi, au mpaka awe mwanafunzi wa sheria?

---

Bibi Sura ya 16

Anaruhusiwa. Mashauri husikilizwa hadharani, isipokuwa machache kama ya watoto. Afike kabla ya saa tatu asubuhi, amsalimie karani na kumweleza amekuja kusikiliza, azime simu, akae nyuma. Amwangalie hakimu anavyouliza na, kama wapo, wazee wa mahakama wanavyotoa maoni. Abebe daftari, lakini amuulize karani kwanza kama anaweza kuandika.