Naomba ushauri: ndama kabla ya kuachishwa maziwa, unga au peleti (chakula kilichoshindiliwa vidonge)?

Wafugaji wenzangu, hamjambo. Niko Msabaha hapa Malindi, nina ndama wawili wa ng'ombe aina ya Jezi, bado wako kwenye maziwa. Chakula cha kuanzia kinachopatikana madukani huku ni unga laini mtupu. Ndama akitia mdomo, unga unamganda puani, anapiga chafya, anaondoka zake. Na kwa joto letu na unyevu wa bahari, kile kilicholowa mate kufika jioni kishachacha. Namwaga kila siku na roho inaniuma.

Najua nafaka ndiyo inayokuza tumbo lao la kwanza, na ndama akila kama kilo moja kwa siku, siku tatu mfululizo, ndipo afaa kuachishwa. Kwa unga huu naona mbali.

Mwenye duka aweza kuniagizia peleti Mombasa, ila bei iko juu. Jirani ashauri niparaze mahindi, nichanganye na soya iliyokaangwa na molasi kidogo ya kushika vumbi.

Aliyejaribu pwani hii, ndama walikua vipi? Peleti ngumu mdogo anazitafuna kweli? Na mchanganyiko wa nyumbani, protini ya asilimia 18 mwaifikishaje? Maji safi wanayo muda wote.