Pesa za wazee zimekatizwa: malalamishi yapelekwe wapi?

Mjukuu wa Kayole:
Habari zenu. Nyanya yangu, mwenye umri wa miaka 78, alikuwa akipokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali ya Kenya wa kuwasaidia wazee, lakini tangu mashine iliposhindwa kusoma alama za vidole vyake, vilivyolainika kwa miaka mingi ya kufulia watu nguo, hajapata hata senti. Ofisini tunaambiwa kila mara turudi wiki ijayo, na hakuna kinachoandikwa popote. Inaniuma kumwona mtu aliyenilea akisimama foleni huku ameshika ukuta. Naomba mwenye kujua anieleze malalamishi rasmi huandikwaje na hupelekwa kwa nani.

Mama Zawadi:
Pole sana, mwanangu. Acheni kulalamika kwa mdomo, kwa sababu yanayosemwa dirishani hayaingii kwenye faili. Mwandikieni afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu, mkitaja jina kamili la nyanya, nambari ya kitambulisho, mwezi wa mwisho aliolipwa na majibu aliyopewa kila alipofika. Chapisheni nakala mbili: moja waachieni, na ya pili msiondoke nayo kabla haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hata karani akisema si lazima. Ombeni pia mpewe kwa maandishi sababu za kusitishwa kwa malipo, mkitaja Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, pamoja na cha 57, kinachowapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali.

Msaidizi wa Sheria:
Wakinyamaza, pelekeni nakala hiyo yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaiita Ombudsman. Huduma yake ni ya bure, na kazi yake ni kuchunguza ucheleweshaji na dhuluma katika ofisi za umma. Wapo watakaowashauri mumtafute kwanza mheshimiwa fulani apige simu. Mimi sipendi njia hiyo, maana huigeuza haki ya mzee kuwa hisani ya mtu.

Mjukuu wa Kayole:
Asanteni sana. Nyanya hajui kuandika. Je, naweza kumwandikia?

Mama Zawadi:
Mwandikie, umsomee kwa lugha anayoielewa vizuri, aweke alama ya kidole gumba, nawe utie jina lako chini kama mwandishi. Tume yenyewe hupokea hata malalamishi ya mdomo.