Msaada tutani: Muziki wangu wa vita kwenye gemu unasikika kama kinanda cha ibada

Kinanda_Moro (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, niko Morogoro, na mwaka huu nimeanza kutunga muziki wa gemu. Rafiki yangu anatengeneza gemu kwa Unity, programu ya kuundia gemu. Shujaa wake anapambana na jitu juu ya daraja, na ameniomba muziki wa okestra wa pambano hilo. Nimekaa nao wiki tatu. Natumia REAPER, programu ya kurekodi na kupanga muziki, laptopu ina RAM GB 8, na sauti ni BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio, ile ya bure.

Nilichofanya: D maina, tempo 150 (mapigo kwa dakika), kodi nzito za nyuzi kwa mikono miwili, tarumbeta zinabeba melodi juu, ngoma kubwa kila pigo. Velositi, yaani nguvu ya kubonyeza, ya kila noti nimeweka 127, mwisho wa kipimo, kwa sababu ni vita. Jana nikamtumia, akanijibu kwa upole kwamba anasikia kinanda cha ibada kinachopigwa kwa nguvu. Imeniuma, maana niliporudi kuusikiliza kwa hedifoni nikakuta amesema kweli.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Tatizo ni hizi sauti za bure, nijichange ninunue za bei? Na la pili, pambano linaweza kuisha kwa sekunde 40 au kwa dakika 5, kutegemea mchezaji. Muziki unajirudiaje bila kusikika pale ulipounganishwa? Natanguliza shukrani.

Biti_Mwanza

Nunua maktaba kubwa ya sauti mkuu. Za bure zina mwisho wake. Unakosa legato ya kweli, yaani noti zinazoungana bila kukatika, unakosa maikrofoni za kuchagua.

Sauti_ya_Pili

Biti_Mwanza, kwa RAM GB 8 hiyo maktaba kubwa ataifungulia wapi? Nyingine zinakula makumi ya GB kwenye diski kabla hujapiga noti moja. Mleta mada, usitoe hela bado. Tupandishie faili la midi, lile lenye noti zenyewe, tuone ulivyoandika.

Kinanda_Moro

Nimelipandisha mkuu. Baa 32.

MwalimuSolfa

Nimefungua faili lako na nimelipitia baa kwa baa. Sauti hazina kosa, kijana wangu. Ulichofanya ni kuiandikia okestra mikono yako miwili. Vidole kumi vinashuka pamoja na kunyanyuka pamoja, na sikio la msikilizaji, hata asiyejua muziki, linatambua kwamba hapo kuna mtu mmoja amekaa kwenye kinanda.

Wewe ni mtu wa kwaya, kwa hiyo dawa unayo tayari. Ukiandika wimbo wa sauti nne, huwapi soprano, alto, teno na besi kodi moja waibebe kama gunia. Kila sauti ina njia yake. Alto anashikilia noti wakati teno anashuka, besi anaruka, soprano anapumua. Discover inakupa nyuzi za makundi matano: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, selo na besi. Fungua traki tano. Kila moja iandike kama unamfundisha mtu kuimba sauti yake peke yake siku ya mazoezi. Ukiizima mingine yote, ile iliyobaki iwe na maana inapoimbwa.

Sasa angalia baa yako ya kwanza. Mkono wa kushoto umepiga D, F na A chini kabisa, karibukaribu. Kwa solfa hiyo ni l, d, m (la, do, mi), zimebanana kwenye sakafu. Kule chini noti zilizokaribiana hazisikiki kama kodi, zinakuwa ngurumo tu, na hiyo ndiyo sababu muziki wako una tope. Besi na selo wape l na l okteva moja mbali, ukitaka ongeza m katikati. Ile d inayosema kwamba hii ni maina ipandishe kwa viola au fidla za pili. Jaribu baa nne tu. Utasikia nafasi imefunguka kabla hujagusa ekwalaiza.

Kosa jingine liko baa ya 9. Umeziandikia fidla noti ya C iliyo chini ya C ya kati. Fidla haifiki huko, waya wake wa chini kabisa ni G iliyo chini ya C ya kati. Ndiyo maana pale kuna ukimya, na huenda umedhani ni hitilafu ya programu.

Kinanda_Moro

Mwalimu, hiyo baa ya 9 niliisakinisha upya programu mara mbili! Asante sana. Naanza leo usiku.

FidlaMkongwe

Assalaam alaykum nyote. Mimi napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu hapa Unguja, sijui mengi ya kompyuta, lakini mwanangu alinisikilizisha kazi hii nami nina la kusema kuhusu mkono wa mpigaji.

Nyuzi za vita mara nyingi ni noti fupifupi zinazojirudia, upinde unadunda juu ya waya. Wenyewe wanaita spikato. Mpigaji anashusha upinde, anapandisha, anashusha, anapandisha. Mshuko una uzito wa mkono, mpando ni mwepesi kidogo. Hakuna mwanadamu anayepiga noti nane zenye uzito mmoja, hata akilipwa. Ukiziandika zote sawa, sikio linakataa.

Sauti_ya_Pili

Mzee wangu umenifungulia. Mleta mada, kwa vitendo ni hivi: kwenye selo na besi weka D peke yake, noti nane kwa baa, kwa spikato. Ziweke katika mafungu ya tatu, tatu, mbili, yaani TA-ka-ka TA-ka-ka TA-ka. Zile TA zipe velositi 105 hadi 115, zile ka zipe 60 hadi 75, na zisifanane. Kwenye noti fupi za Spitfire velositi ndiyo inayotawala nguvu ya sauti, kwa hiyo utasikia tofauti papo hapo. Hilo fungu la 3-3-2 linasukuma mbele kuliko ngoma kubwa kila pigo. Ngoma kubwa iachie pigo la kwanza la baa, na baa nyingine usiipige kabisa.

Kuhusu 127: noti iliyopigwa kwa nguvu haiongezeki ukubwa tu, rangi yake inabadilika, hasa kwenye ala za shaba. Tromboni ya taratibu ni ya mviringo, ikikazwa inakwaruza. Ukikwaruza kuanzia sekunde ya kwanza, jitu likipandwa na hasira utaongeza nini?

Noti ndefu nazo velositi haizisaidii. Hizo nguvu yake inaendeshwa na CC1, na ukubwa wa jumla na CC11, hivyo ni vidhibiti vya midi vinavyobadilika noti ikiendelea kulia. Kwenye REAPER fungua kihariri cha midi, chora mstari wa CC1 chini ya noti. Kila noti ndefu ianze chini, ivimbe, kisha ishuke kabla ya inayofuata. Bila mstari huo ndiyo unapata kinanda, maana kinanda cha umeme ukibonyeza kinashikilia sauti ileile mpaka uachie.

Biti_Mwanza

Narudisha kauli yangu ya kununua. Ila ongeza ngoma za taiko, muziki wa vita bila taiko haupigi.

FidlaMkongwe

Taiko ni ngoma ya Wajapani, ina heshima yake. Lakini kijana yuko Morogoro, amezungukwa na ngoma. Hata simu ikiwekwa vizuri mbali kidogo na ngoma inaweza kunasa mlio ambao hakuna maktaba inayouza.

Sauti_ya_Pili

Naunga mkono. Rekodi kila pigo angalau mara nne kwa nguvu ileile, kisha yapokezane. Pigo moja likijirudia mara nyingi linasikika kama bunduki ya rasharasha. Ukizidisha riverbu (mwangwi wa ukumbi) kidogo kwenye ngoma zako zitakaa ukumbi mmoja na okestra. Hizo sauti za Discover zilirekodiwa studio za Maida Vale, London, wapigaji wakiwa wamekaa kwenye nafasi zao, kwa hiyo usizisogeze kushoto wala kulia. Tayari zimekaa.

Msimbo_Nairobi

Habari ndugu. Mimi hutengeneza gemu, niko Nairobi, nijibu lile swali la pili kwa sababu limepitwa.

Kwanza, usimpe rafiki yako MP3. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, na hapo ndipo lupu, yaani muziki unaojirudia, hukatika. Mpe WAV au OGG.

Pili, mkia wa riverbu. Ukikata baa ya 32 inapoisha, mlio wa mwisho unakatwa shingo. Nakili muziki wako mara mbili mfululizo, kisha toa faili la mzunguko wa pili pekee, kuanzia baa ya 33 hadi mwisho wa baa ya 64. Mwanzo wa faili hilo utakuwa umebeba mkia wa mzunguko wa kwanza, na kiungo hakisikiki. Kwa tempo 150 baa 32 ni sekunde 51.2 kamili. Hakikisha faili lina urefu huo.

Tatu, na hili ndilo linalotofautisha muziki wa gemu na wa filamu: toa muziki katika matabaka. Tabaka la kwanza nyuzi fupi na ngoma nyepesi. La pili shaba za chini. La tatu melodi na ngoma nzito. Yote yawe na urefu sawa, yaanze kwa wakati mmoja kwa PlayScheduled (amri ya Unity ya kuanzisha sauti kwa wakati uliopangwa), lakini la pili na la tatu yawe kimya. Jitu likibakiwa na nusu ya uhai, rafiki yako anapandisha sauti ya la pili. Wazo hili si geni. Michael Land na Peter McConnell wa LucasArts walijenga iMUSE, mfumo wa muziki wa gemu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili muziki ufuate matendo ya mchezaji.

Jitu likianguka, muziki usizime ghafla. Andika kimalizio kifupi kinachoingia mwanzo wa baa inayofuata. Baa yako moja ni sekunde 1.6, mchezaji hatachoka kungoja.

Na tafadhali tuachie nafasi sisi wa milio. Panga zikigongana na tarumbeta zikilia palepale juu, hatusikii chochote.

Kinanda_Moro

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Nimefuta kila kitu nikaanza na traki tano za nyuzi. Niliandika kila sauti kwa solfa kwenye daftari kwanza, kama tunavyofanya kwaya, ndipo nikaipeleka kwenye kompyuta. Melodi nimeitoa kwa tarumbeta nikawapa honi, chini zaidi, na tarumbeta zinaingia mara mbili tu. Ngoma nimerekodi kwa mpigaji mmoja wa mtaani kwetu, mapigo matano ya kila aina. Laptopu ilianza kukwama nikagandisha traki za shaba, yaani nikazigeuza kuwa sauti iliyokwisha rekodiwa, ikapumua.

Rafiki yangu ameyaweka matabaka matatu. Jana nilikaa nyuma yake akicheza. Jitu liliposhika nguzo ya daraja na shaba zikaingia, alijivuta mbele kwenye kiti. Hakusema kitu mpaka alipomaliza.

Nimepandisha faili jipya, naomba mlikague.

MwalimuSolfa

Nimesikiliza mara tatu. Viola zako kuanzia baa ya 5 zinaimba, hongera sana. Rekebisha moja: kuanzia baa ya 17 hadi ya 24 honi hawajapumua hata mara moja, na hao ni watu wenye mapafu. Wape pumziko la nusu pigo mwisho wa baa ya 20, wakirudi na ile noti ya juu ya baa ya 21 utaisikia mara mbili ya ilivyo sasa.