Naanza ushauri nasaha wiki ijayo: kikao cha kwanza kinakuwaje?

Kifundo

Wakuu, salaam. Tangu baba afariki usingizi umenipaa, na siku za karibuni limezuka jingine: moyo unaanza kwenda mbio ghafla, mikono inakufa ganzi, najiona nakata roho. Hunipata nikiwa kwenye foleni au ndani ya basi lililojaa. Nimepimwa moyo, daktari kasema ni mzima, akanielekeza kwa mshauri nasaha. Miadi ni wiki ijayo. Yule mama kwenye simu alitaja "tiba ya utambuzi na tabia", nikaitikia tu.

Kwa mliopitia: siku ya kwanza mtu anaulizwa nini? Lazima nimwage mambo yote ya nyumbani? Siri inakaa? Na kuongea na mtu nisiyemjua kutatulizaje moyo unaodunda?

Bi Rehani

Pole sana kaka kwa msiba. Hali hiyo naijua, mimi ilikuwa ikinikamata kwenye lifti. Nakueleza nilivyoyaona mwenyewe.

Kikao cha kwanza kwa sehemu kubwa ni cha kufahamiana. Mimi nilianza kwa kupewa dodoso fupi lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Swali la mwisho linauliza kama umewaza kufa au kujidhuru. Tafadhali hilo lijibu kwa ukweli wako wote. Dodoso hilohilo hurudiwa baadaye, ndipo nawe unaona kama unapata nafuu.

Kisha akaniomba nimsimulie mara ya mwisho iliponipata, hatua kwa hatua. Nilikuwa nimesimama upande gani wa lifti? Mwili ulianza na nini? Nikawaza nini? Nikafanya nini? Nilimwambia nilikuwa nimeshika chupa ya maji na kuegemea ukuta ili nisianguke. Akaandika. Sikujua kwa nini chupa ya maji imemvutia hivyo, nikaja kuelewa baadaye.

Mambo ya nyumbani nilisema niliyotaka kusema. Swali usilolitaka unajibu "hilo bado", na mshauri mzuri atapita.

Sasa moyo unaodunda. Hiyo tiba ya utambuzi na tabia, yaani ya kurekebisha mawazo na mwenendo, ilianzishwa na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, miaka ya 1960. Alikuwa amesomea njia ya Freud, ile ya kuchimba yaliyofichika akilini, lakini aliona wagonjwa wake wa sonona wanapitiwa na mawazo ya haraka haraka ya kujihukumu, akaamua kuyashughulikia mawazo yenyewe. Kwa hofu ya ghafla kama yako, mwaka 1986 Mwingereza David Clark alieleza mzunguko ambao mshauri wangu alinichorea kwenye karatasi: moyo unadunda kidogo, unawaza "nakufa", wazo hilo linakutia hofu, hofu inamwaga adrenalini (homoni ya mshtuko), adrenalini inauongezea moyo kasi, nawe unapata "ushahidi" kwamba kweli unakufa. Mduara umefunga. Nilipouona pale karatasini nililia, maana kwa mara ya kwanza kitu kile kilikuwa na umbo.

Vikao vilivyofuata ndivyo vya kazi. Siku moja aliniambia tukimbie palepale tuliposimama, yeye na mimi, mpaka moyo uende mbio. Kabla ya kuanza niliandika ninachotabiri: "nitazimia". Tukakimbia. Moyo ukapiga kama ule wa kwenye lifti, nikasubiri kuzimia, sikuzimia. Nikaandika na hilo. Mara nyingine nilipumulia kwenye mrija, mara nyingine nilizungushwa kwenye kiti mpaka kizunguzungu. Ukisimuliwa utadhani ni mchezo, lakini mwili wangu ulijifunza pale kitu ambacho maneno matupu yalishindwa kuufundisha. Usijaribu peke yako kabla mshauri hajakuandaa, na mwambie mapema kwamba umepimwa moyo na majibu yake.

Kazi ya nyumbani ikawa kupanda lifti bila chupa na bila kuegemea ukuta. Chupa ndiyo iliyokuwa ikinidanganya kwamba bila yake ningeanguka.

Mshauri T

Mimi ni mshauri nasaha. Kifundo, naongezea kuhusu siri. Mshauri anapaswa kukueleza mipaka yake mwanzoni kabisa, na asipokueleza muulize. Kwa kawaida siri huvunjwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anateswa, au mahakama ikiamuru. Sheria hutofautiana nchi na nchi.

Muda: tiba hiyo mara nyingi huchukua vikao 6 hadi 20, kila kimoja dakika 30 hadi 60. Dawa ni suala la daktari. Washauri wengi hatuna ruhusa ya kuziandika.

Nyundo

Tusimpambe kijana. Mimi nilikwenda, nikakuta mtu anayenihubiria. Nilisema sentensi mbili, yeye kumi, zote "unatakiwa" na "usifanye". Sikurudi.

Bi Rehani

Nyundo, pole, na huo ni uzito wa kweli. Umekwenda umebeba jambo la kukuumiza, ukakutana na hotuba. Kubadilisha mshauri ni haki yako wala si utovu wa adabu.

Mshauri T

Naungana na Bi Rehani. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alisisitiza kwamba mteja asikilizwe bila kuhukumiwa, na kitabu chake cha 1951 kiliathiri sana kazi yetu. Mwaka 1979 mwanasaikolojia mwingine, Edward Bordin, akaeleza makubaliano ya mshauri na mteja kuwa na sehemu tatu: lengo, kazi ya kulifikia, na uhusiano wenu. Nyundo, inaonekana wewe hukuulizwa hata lengo lako. Kwa hiyo Kifundo, siku ya kwanza muulize huyo mama: tutajuaje kwamba nimepata nafuu? Akijibu kwa kitu kinachoonekana, mfano "utapanda basi lililojaa mpaka mwisho wa safari", mna pa kuanzia.

Kifundo

Nashukuru sana wakuu. Limebaki moja. La basi niko tayari kulifanyia kazi. La baba sitaki liguswe kwa sasa. Nikimwambia hivyo atanikatalia?

Mshauri T

Hapaswi. Mwambie kama ulivyoandika hapa. Hofu ya ghafla inaweza kushughulikiwa kwanza, na huzuni ya msiba ikapewa nafasi yake ukiwa tayari, pengine kwa njia nyingine yenye kusikiliza zaidi na mazoezi machache. Kufiwa na mzazi si ugonjwa, na wengi hupita humo bila tiba. Lakini umesema usingizi ulipaa tangu hapo, kwa hiyo mtajie kwamba baba amefariki, hata kwa sentensi moja, asije akatafuta chanzo mahali pasipo.

Bi Rehani

Kaka, kabla ya miadi andika tukio la mwisho la kwenye basi: ulisimama au ulikaa, ulishika nini, ulishuka kituo gani kabla ya kile chako. Nenda na karatasi hiyo, maana ukikaa mbele ya mtu mgeni kumbukumbu hutawanyika. Na siku hiyo usipange kazi ya kichwa jioni. Mimi nilitoka pale nimechoka, nikaenda kulala mapema.