Kuzuru Barranquilla wakati wa kanivali

Muulizaji, Lamu: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mpiga ngoma, na nimealikwa kuzuru Barranquilla, mji wa Kolombia ulio karibu na mahali mto Magdalena unapoingia bahari ya Karibi. Je, ni siku ipi ya kanivali nisiyopaswa kuikosa?

Jibu la kwanza: Waalaykum salaam. Kanivali huchukua siku nne, kuanzia Jumamosi hadi Jumanne, mkesha wa Jumatano ya Majivu. Wengi husifu Jumamosi kwa ajili ya Batalla de Flores, msafara wa magari yaliyopambwa ulioanza mwaka 1903 na ambao siku hizi hupita barabara ya Vía 40. Hata hivyo, kwa mtu wa ngoma kama wewe ningechagua Jumapili, siku ya Gran Parada, ambapo vikundi vya jadi ndivyo vinavyotamba. Katika kumbia, muziki na dansi ya jadi ya huko, sikiliza ngoma ndogo iitwayo llamador ikishika mdundo mmoja bila kuyumba, huku ile ya alegre, inayopigwa kwa viganja, ikicheza na kuchokoza juu yake, na zumari ya millo ikiongoza.

Jibu la pili: Naongeza kwamba usiache kuitazama ngoma ya Congo, yenye asili kwa Waafrika waliotumikishwa utumwani huko, ambayo wachezaji wake huvaa vilemba virefu vilivyojaa maua. Nguo nzuri ziache hotelini, maana watu hurushiana unga laini wa mahindi na mapovu, wala mgeni hasazwi.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Basi nitafika kabla ya Jumapili.